Upinde wa mkole: upake sila na laka, mawese, au nta?

Swali limetoka Urambo, mkoani Tabora. Msomaji amechonga upinde wa mawindo kwa mti wa mkole, urefu wake sentimita 165, umekauka na unapiga vizuri. Anataka uwe na rangi ya kahawia iliyoiva, using'ae, na uvumilie masika. Fundi wa samani amemshauri apige sila, mpako wa chini wa kuziba vinyweleo, kisha laka kama anavyofanya kwenye meza. Babu yake anasema mawese na nta vinatosha. Anauliza amfuate nani.

Ndugu yetu wa Urambo, babu mfuate kwenye nta. Kwenye mawese umwambie kwa adabu kwamba hapana. Fundi wa samani naye ni fundi kweli, ila ushauri wake ni wa meza, na meza haikunjwi.

Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, hurefuka. Tumbo lake, upande unaokutazama wewe, hubanwa. Siku moja ya mazoezi hulirudia hilo mara mia. Kwa hiyo kilichopakwa juu lazima kirefuke na kubanwa pamoja na mti bila kupasuka. Kiwe chembamba, kisiongeze uzito kwenye ncha. Kicheleweshe unyevu kuingia na kutoka. Na kikuachie uone nyuzi za mti, kwa sababu siku upinde utakapoanza kuchoka, dalili zitaonekana hapo kwanza. Rangi ni jambo la mwisho katika hayo yote, ingawa ndilo wengi wanaloanza nalo, na ndiyo maana tunaona pinde nzuri zilizopakwa zikapakika mpaka hakuna ajuaye kilichomo ndani.

Kabla ya kufungua kopo

Usipake chochote mpaka upinde uwe umemaliza kubadilika. Hata kama unapiga vizuri, upige mishale kama 100 ukiwa mtupu, kisha urudi kuutazama mkunjo: mikono miwili, yaani nusu ya juu ya mshiko na nusu ya chini, inapinda sawa, au upande mmoja umelegea kuliko mwingine? Kama kuna pa kukwangua, kwangua sasa. Ukishapaka, kila mkwaruzo wa kusawazisha utakulazimu kuvua mpako, na mahali pale patapokea rangi tofauti na penginepo milele.

Pili, unyevu. Mti haukauki ukaisha. Siku zote hufuata hewa iliyouzunguka. Kwa joto la nyuzi 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 40 huuacha mti na maji ya karibu asilimia 7.5 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 80 huupandisha hadi karibu 16. Upinde unataka kuwa kati ya 8 na 10. Chini ya hapo mti unakuwa mkavu wa kuvunjika. Juu ya 12 unakuwa mvivu, na ukiuvua upote, yaani kamba yake, unabaki umejikunja. Sasa tazama kalenda ya kwenu. Mvua za Tabora hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na Septemba na Oktoba hewa ni kavu ya kukausha midomo. Ukipaka Januari, unafungia maji ndani. Ukipaka mwishoni mwa Oktoba, unafungia ukame. Wakati mzuri wa kazi hii ni Mei hadi Julai, na hata hapo usiamini kalenda peke yake: chukua mizani ya jikoni, upime upinde kila baada ya siku mbili ukiwa kivulini ndani ya nyumba. Uzito ukikaa palepale kwa wiki nzima, mti umetulia.

Kumbuka pia kwamba hakuna mpako unaouzuia unyevu kabisa. Mpako mzuri huuchelewesha tu, ili mvua ya saa mbili isifike ndani na wiki ya unyevunyevu iingie kidogokidogo. Anayekuuzia kopo na kukuambia upinde hautaona maji tena anakuuzia maneno.

Kama tumbo ulilibanika kwa moto ili kulikaza, subiri wiki moja au zaidi kabla ya kuukunja na kabla ya kuupaka. Sehemu iliyobanikwa imepoteza maji yake na lazima iyarudishe kutoka hewani.

Kisha msasa. Anza na namba 80 kuondoa alama za tupa na kisu, uende 120, 180, umalizie 220. Usipite 240, kwa sababu mti uliosuguliwa ukang'aa hufunga vinyweleo na rangi haitaingia. Kusugua kote kuende kwa urefu wa upinde, kamwe usikate kwa upana. Mkwaruzo unaokatiza nyuzi mgongoni ni mahali upinde unapoanzia kukatika. Na kama mgongo wako ni ule uso wa asili uliokuwa chini ya gome, usiuguse na namba 80 wala 120. Pitisha 220 polepole, uondoe uchafu tu. Ukilitoboa pete la mwaka mgongoni kwa ajili ya kutafuta ulaini, umeharibu upinde kwa ajili ya urembo.

Kingo zote zizungushwe, duara la kama milimita tatu. Kwenye kingo kali mpako hukimbia na kubaki mwembamba mno, na vibanzi huanza kuinuka hapohapo.

Mwisho wa maandalizi, futa upinde wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, si cha kudondosha maji, uuache usiku kucha. Asubuhi utakuta nywele za mti zimesimama. Zipitie na 220 iliyochakaa, kwa mkono mwepesi. Ukiiruka hatua hii, rangi ya maji itazisimamisha yenyewe na utajikuta unasugua juu ya rangi. Vumbi lifutwe, halafu pitisha spiriti kuondoa jasho na mafuta ya mikono. Kuanzia hapo upinde shika kwenye mshiko tu.

Rangi

Jiulize kwanza kama unaihitaji. Mkole mwingi una mti mweupe unaoelekea umanjano au kahawia hafifu, na vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani peke yake huusogeza kwenye rangi ya asali, ambayo huendelea kuiva kwa miezi. Tone mafuta kwenye kipande kilichobaki ulipochonga, uone. Wapo watakaoridhika na hapo, na wana akili. Upinde wa mninga, kwa mfano, haustahili kupakwa rangi yoyote, ni kuuonea.

Ukitaka kahawia iliyoiva, elewa kwamba makopo yanayouzwa kama rangi ya mbao ni ya namna mbili, hata kama lebo zote zimeandikwa mahogani au walinati. Namna ya kwanza ina chembe za rangi zilizoelea ndani ya mafuta. Ukiacha kopo litulie, tope hushuka chini. Chembe hizi haziingii ndani ya mti; hukaa kwenye vinyweleo na kwenye kila mkwaruzo ulioachwa na msasa. Kwenye upinde uliochongwa kwa mkono hilo ni baya mara mbili: alama zote za tupa ulizodhani umezimaliza zitajitokeza kama mistari iliyochorwa kwa kalamu, na ukiongeza mpako wa pili ili kuiva, zinaanza kuziba nyuzi usizione. Namna ya pili ni rangi iliyoyeyuka kabisa, ya unga unaochanganywa na spiriti au maji. Hii huingia ndani, huacha nyuzi zionekane, na ndiyo tunayoipendekeza kwa upinde. Ubaya wake ni kwamba jua huifubaza mapema zaidi kuliko ile ya chembe, lakini upinde hauishi juani.

Ya spiriti hukauka kwa dakika, kwa hiyo inataka mkono wa haraka. Ichanganye iwe hafifu, nusu ya nguvu unayoiona inafaa, upake mara mbili au tatu. Tumia kitambaa cha pamba kilichokunjwa, si brashi, upitishe kutoka mshikoni hadi nchani bila kusimama katikati. Ukisimama, mahali palipolowa mara mbili pataacha ukingo mweusi. Kwenye macho ya mti na kwenye ncha, ambako nyuzi zimekatwa, mti hunywa zaidi na kuwa mweusi zaidi. Hapo pitisha kwanza kitambaa chenye spiriti tupu, kisha rangi; spiriti iliyotangulia huupunguzia mti kiu.

Ya maji inakupa muda wa kusawazisha, na huingia vizuri, lakini inaulowesha upinde. Ukiitumia, usiukunje upinde kwa siku mbili au tatu baadaye.

Kuna njia ya tatu ambayo haitaki duka la rangi, na kwa upinde wa mawindo inatoa rangi tunayoipenda kuliko zote: kahawia yenye ukijivu, isiyong'aa, kama gome la mti wa porini wakati wa kiangazi. Ni chai na chuma. Chukua stili waya ya kusugulia masufuria, ile ya kawaida inayopata kutu, si ile isiyoshika kutu. Ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, ikaushe, ichambue, uitumbukize kwenye nusu lita ya siki nyeupe ndani ya chupa ya kioo. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, kwa sababu chuma na siki hutoa gesi na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Baada ya siku tatu hadi saba chuja kwa kitambaa. Upande mwingine pika chai ya rangi nzito: vijiko vinne vya chakula vya majani kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, iache mpaka ipoe. Paka chai kwanza, ikauke kabisa. Halafu paka maji ya chuma yaliyozimuliwa, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji. Kwa dakika chache za mwanzo utadhani hakuna kitu. Kisha mti unaanza kuiva mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kinashikana na ile dawa ya ukakasi iliyo ndani ya chai. Maganda ya mgunga yaliyochemshwa yana ukakasi mwingi zaidi kuliko majani ya chai, yatatoa weusi wa haraka.

Hapa watu wengi hukosea kwa kukosa subira. Wanaona rangi hafifu, wanaongeza chuma kisichozimuliwa, na kesho yake upinde ni mweusi tii. Rangi hii haitoki kwa msasa mdogo. Anza na maji hafifu, subiri saa nzima, ndipo uamue. Ukiridhika, futa kwa maji yenye magadi kidogo, kijiko cha chai kwa nusu lita, kuua ukali wa siki, kisha kitambaa chenye maji safi. Acha ukauke siku tatu. Ukipaka mafuta juu yake, itaongezeka weusi kiasi cha hatua moja nzima, kwa hiyo simama kabla hujafika unapotaka.

Kahawa nzito nayo hutia rangi, na jirani zetu wa Kigoma wanayo ya kutosha, lakini rangi yake ni hafifu na huondoka upesi kwa mwanga. Dawa ya viatu tuiseme pia, maana inatumika sana. Inatia rangi kweli, ila ina nta ndani yake, na vanishi haishiki juu ya nta. Anayetaka kutumia dawa ya viatu ajue kwamba amechagua kumaliza kwa nta tu, na kwamba mvua ya kwanza itahamishia rangi kwenye shati lake.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza kwenye kipande cha mti uleule, kilichosuguliwa kwa msasa uleule, na ukipake mpaka mpako wa mwisho. Rangi isiyo na vanishi juu yake haikuambii ukweli.

Cha kupaka juu

Sila ya fundi wako ni unga laini ndani ya laka, umetengenezwa ili usugulike upesi na kuziba vinyweleo. Ni laini na unajenga unene, vitu viwili usivyovitaka. Laka inayofuata juu yake ni ngumu, hukauka kwa dakika, hung'aa vizuri sebuleni. Ukiukunja upinde, hupasuka mistari myembamba ya kukatiza, hasa tumboni karibu na katikati ya kila mkono ambako mkunjo ni mkubwa. Unyevu huingia kupitia mistari hiyo na kukaa chini ya laka, weupe unatokea, na laka inaanza kubanduka kwa magamba. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mistari ile inafanana kabisa na mipasuko ya mti uliozidiwa kwa kubanwa. Mpako unaokuzuia kujua kama upinde wako ni mzima haufai, hata ungekuwa mzuri kiasi gani.

Mawese nayo hayakauki. Kuna mafuta ambayo yakikaa hewani hugeuka kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya kitani ni ya namna hiyo. Mawese, mafuta ya nazi na ya karanga si ya namna hiyo hata kidogo. Alizeti yamo katikati: hukauka nusu, hubaki yananata kwa wiki nyingi na kukusanya vumbi. Upinde uliopakwa mawese unapendeza wiki ya kwanza, kisha unachacha, unavuta panya na sisimizi, na mbaya zaidi, hakuna vanishi itakayoshika juu yake baadaye. Mafuta machafu ya injini ni mabaya kuliko yote: hayakauki, yana sumu inayoingia kwa ngozi ya mikono, na harufu yake mnyama anaisikia kabla hajakuona.

Tunachokushauri ni vanishi ya mafuta ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya nje na kwa ajili ya boti, ambayo ina mafuta mengi kuliko vanishi ya sakafu. Ile ya sakafu imefanywa ngumu ili ivumilie viatu. Hii ya nje imefanywa laini kidogo ili ivumilie mbao inayovimba na kunywea kwa jua na mvua, na aina ya boti chanzo chake ni milingoti ya mashua, mbao ndefu inayopinda kwa upepo. Usinunue kopo kubwa. Upinde wako una eneo la kama sehemu moja ya sita ya mita ya mraba, na lita moja ya vanishi hufunika mita za mraba 10 hadi 12. Mpako mmoja ni mililita 15 hadi 20, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai. Kopo la robo lita litatosha na kubaki.

Izimue kwa tapentaini. Si kwa tina ya laka, ambayo ni kali mno na inaweza kuikunjamanisha vanishi iliyo chini, na si kwa mafuta ya taa, ambayo huacha mafuta yasiyokauka. Mpako wa kwanza uwe nusu kwa nusu. Huu unaingia ndani na kufungia rangi. Upake kwa kitambaa, subiri dakika 10, futa chochote kilichobaki juu. Saa 24. Pitisha msasa 320 kwa uzito wa kidole tu, futa vumbi. Mpako wa pili, sehemu mbili za vanishi kwa moja ya tapentaini. Siku nyingine, msasa tena. Wa tatu, nne kwa moja. Mipako mitatu inatosha kwa mikono ya upinde. Wa nne weka mshikoni kama hutaufunga kwa ngozi, na kwenye ncha kabisa, pale nyuzi zilipokatwa, dondoshea matone mawili matatu kila mpako, kwa sababu maji hupanda kwa kasi kubwa kupitia mwisho wa nyuzi kuliko ubavuni. Ila mitaro ya upote isijae vanishi. Ikijaa, upote hunata, unachelewa kukaa sawa, na vanishi iliyokauka humenyeka na kuula. Ifute mitaro kwa kijiti chenye kitambaa baada ya kila mpako.

Fanya kazi hiyo kivulini, asubuhi baada ya umande kuondoka. Jua likipiga vanishi mbichi, uso unakauka kabla ya chini, na mvuke unaotafuta njia unainua malengelenge. Upepo wa vumbi wa Agosti nao ni adui. Mwaga maji sakafuni kabla ya kuanza, na uning'inize upinde kwa waya mwembamba uliopita kwenye mtaro wa ncha moja, usiuegemeze ukutani.

Kama vanishi ya nje haipatikani, mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndiyo chaguo la pili. Paka nyembamba kabisa, futa baada ya robo saa mpaka kitambaa kitoke kikavu, rudia mara nne au tano kila baada ya siku mbili. Yasiyochemshwa huchukua wiki kukauka, na wengi wakishangaa kwa nini upinde unanata, jibu ni hilo au ni kwamba hawakufuta. Kinga yake kwa unyevu ni ndogo kuliko ya vanishi, lakini hayapasuki kamwe na kurekebisha ni kupaka tena. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe wala kutupwa kwenye debe la taka: yanapokauka hutoa joto, na lundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vianike bapa nje, mbali na nyumba, mpaka vikauke na kukakamaa, au uvizamishe majini.

Baada ya mpako wa mwisho upinde ukae bila upote siku saba. Utakuwa mkavu kwa kuugusa mapema zaidi, lakini ndani bado ni laini, na ukiuvuta vidole vitaacha alama mshikoni.

Nta ya babu

Nta peke yake, ikisuguliwa nyembamba, haizuii unyevu wa masika. Na ikipakwa nene, mchana wa Oktoba hulainika na kuokota kila vumbi la Urambo. Juu ya vanishi, hata hivyo, hakuna kinachoishinda. Inaua mng'ao, inatelezesha maji, na kwa watu wa mkoa uliojaa mizinga ni kitu cha kuomba kwa jirani. Nta mbichi iyeyushe kwanza ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande, na ukwangue uchafu ulioshika chini ya kigae.

Chukua gramu 50 za nta safi iliyokatwa vipande, iweke kwenye kopo, kopo liwe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Huyeyuka karibu nyuzi 63, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Ondoa sufuria motoni, isogeze mbali na jiko kabisa, ndipo umimine mililita 150 hadi 200 za tapentaini huku ukikoroga. Mvuke wa tapentaini hushika moto kuanzia takriban nyuzi 35, joto lisilo mbali na la mchana wa Oktoba. Kuimimina juu ya jiko la mkaa ni kuomba balaa. Ikipoa inakuwa laini ya kuchotwa kwa kidole.

Kwanza ondoa mng'ao wa vanishi iliyokomaa kwa stili waya laini kabisa au msasa 400 wenye maji kidogo, kwa urefu. Paka nta nyembamba, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa. Upinde ukiutazama kwa ubavu juani usione mwanga ukikurudia. Harufu ya tapentaini nayo huchukua wiki mbili hadi tatu kuisha, kwa hiyo usimalize kazi jioni ya kuamkia safari ya mawindo.

Na kuhusu mawindo: hakikisha una leseni kutoka kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na kuingia humo na upinde bila kibali ni kosa hata kama hujapiga kitu.

Yakiharibika

Vanishi ikibaki inanata baada ya siku tatu, mara nyingi ulipaka nene au ulizimua kwa kitu kisichofaa. Ifute kwa tapentaini, subiri siku mbili pakavu, anza na mpako mwembamba. Miti yenye mafuta yake yenyewe, kama mpingo, huchelewesha vanishi hata ukifanya kila kitu sawa. Ifute kwa spiriti dakika chache kabla ya mpako wa kwanza. Ukungu mweupe chini ya mpako ni unyevu uliofungiwa, na hakuna njia ya mkato: vua, kausha, rudia.

Mstari mwembamba wa kukatiza tumboni unataka uchunguzi kabla ya kuvuta tena. Kwangua mahali padogo kwa kipande cha kioo mpaka ufike kwenye mti mtupu. Mstari ukipotea, ulikuwa wa vanishi. Ukibaki ndani ya mti, mti umezidiwa kwa kubanwa; kwangua kidogo pande zote mbili za alama hiyo ili sehemu nyingine zichukue mzigo, na upunguze urefu wa kuvuta. Mstari wa kukatiza mgongoni, au kibanzi kinachoinuka, ni habari nyingine: vua upote hapohapo, usiuvute hata mara moja kujaribu.

Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua kukolea, futa nta kwa tapentaini, kagua mikono yote miwili, paka mpako mmoja hafifu wa nusu kwa nusu, kisha nta upya. Mshiko utachakaa kabla ya kwingine kwa sababu ya jasho, na pia pale mshale unapopita ubavuni. Sehemu hizo zisugue na 320 peke yake, zipake mara mbili, uzififishe kingo zake kwa kitambaa chenye tapentaini ili mpya na ya zamani zisiachane kwa mstari. Kama ulitumia rangi ya spiriti, gusia rangi hafifu pale palipoonekana mti mtupu kabla ya vanishi, kwa kijiti chenye pamba, na usizidi hapo.